Kufunga Geji za Ziada kwenye Land Rover ya Zamani: Mwongozo Kamili kwa Wenye Magari wa Tanga

Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, humpa dereva mita mbili kubwa tu. Moja ni ya mwendo, na nyingine imegawanywa kati ya kiasi cha mafuta na joto la maji. Presha ya oili haina mshale, ina taa peke yake. Taa hiyo huwaka pale presha inaposhuka chini ya pauni 5 hadi 10 hivi kwa inchi ya mraba, ilhali injini ya petroli ya lita 2.25 ikiwa moto inatakiwa kuwa na pauni 35 hadi 65 inapozunguka mara 2,000 kwa dakika. Kati ya 35 na 10 kuna eneo zima la hatari ambalo taa hailionyeshi. Pampu inaweza kuchakaa, beringi zikalegea na oili ikapungua, na dereva akaendelea kusafiri akiwa na amani mpaka taa iwake. Inapowaka, mara nyingi injini imekwisha kunoki.

Kwa sisi wa Tanga hali hiyo ina uzito wake. Ukitoka mjini kwenda Segera barabara haiitesi injini, lakini ukifika Mombo na kukata kulia kuelekea Lushoto, unaanza kupanda kilomita 33 za kona na miinuko, gia ya pili na ya tatu, upepo mchache ukipita kwenye rejeta. Tena magari yetu yanalala karibu na bahari, na hewa ya chumvi inakula kila mahali ambapo waya umekutana na bodi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufunga geji tatu, yaani ya presha ya oili, ya joto la maji na ya volti, kwa namna ambayo utaweza kuziamini. Nasisitiza kuziamini kwa sababu geji inayodanganya ina hasara kuliko kutokuwa na geji: ama itakutisha bure ukashusha injini nzima isiyo na kosa, ama itakutuliza wakati injini inaungua. Ingawa mifano yangu ni ya Land Rover, kazi yenyewe haibadiliki sana ukiwa na Peugeot 504, Volkswagen ya mgongo wa kobe au gari jingine la umri huo.

Kuchagua geji

Anza na presha ya oili, kwa kuwa injini isiyo na presha ya oili huharibika kwa dakika chache. Geji ya joto la maji ndiyo inayofuata, hata kama gari lako linayo ya asili, maana ile ya asili huonyesha rangi au herufi tu badala ya nyuzi. Ya tatu ni ya volti. Wapo wanaopenda geji ya ampea kwa sababu inafanana na ya magari ya zamani zaidi, lakini mimi siipendekezi. Geji ya ampea hupitisha ndani yake karibu umeme wote wa gari, isipokuwa ule wa stata, hivyo inahitaji waya nene kutoka kwenye betri hadi kwenye dashibodi, na waya huo ukigusa bodi unaweza kuwasha moto. Geji ya volti inatumia umeme kidogo mno, na inakueleza hali ya betri na ya altaneta inayoichaji kwa pamoja.

Kipenyo cha kawaida cha geji za ziada ni milimita 52, na ukifuata kipimo hicho utaweza kubadilisha geji siku za usoni bila kutoboa upya. Nunua geji pamoja na kihisi chake, kile ambacho mafundi hukiita sensa, kwa sababu viwili hivyo ni jozi. Kihisi cha presha cha mfumo wa Ulaya, kama vile vya VDO, huwa na takriban omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kikiwa hakina presha, na hupanda kuelekea omu 180 presha inapoongezeka. Vihisi vingi vya Marekani hufanya kinyume: huanza na omu 240 na kushuka hadi 33. Ukimwoza wa huku kwa wa kule, mshale utarudi nyuma pale unapotakiwa kwenda mbele, au utasimama mahali pasipo na maana yoyote. Unapouziwa geji iliyotumika, pima kihisi kwa multimita, yaani kipimo cha umeme, hapo hapo dukani kabla ya kutoa pesa.

Geji ya presha ya oili huja kwa aina mbili. Ya kwanza haitumii umeme kabisa: mrija mwembamba wa shaba au wa nailoni huleta oili yenyewe kutoka kwenye injini hadi nyuma ya geji. Ni sahihi na haijali ubovu wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, lakini mrija ukipasuka, oili ya moto itamwagika miguuni mwa dereva au juu ya bomba la ekzosi. Aina ya pili inatumia kihisi cha umeme, kwa hiyo oili inabaki upande wa injini. Nimetumia zote mbili. Kwa gari ambalo familia inapanda, nachagua ya umeme, na nakubali kufanya kazi ya ziada ya kuhakikisha ethi yake.

Kabla ya kushika spana

Hakikisha kwanza ni upande gani wa betri uliounganishwa na bodi. Magari mengi ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya miishoni mwa miaka ya 1960 yaliunganisha chanya na bodi, na Land Rover za mwanzo zimo katika kundi hilo. Series III iliunganishwa hasi tangu kiwandani, lakini gari lenye miaka zaidi ya arobaini limepitia mikono mingi, kwa hiyo angalia mwenyewe waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chasisi umetoka kichwa kipi. Ukikuta chanya, geji ya kisasa yenye taa za LED au vifaa vya kielektroniki ndani inaweza kuungua mara tu ukiiunganisha.

Baada ya hapo fungua kichwa cha betri kinachokwenda kwenye bodi, na ufungue hicho kwanza. Spana ikigusa bodi ukiwa unafungua upande huo haitatokea shoti, ila ukianza na upande wa pili na spana ikagusa chuma, cheche zake zitakukumbusha.

Vifaa vinavyohitajika ni multimita, spana, bisibisi, koleo la kubania vichwa vya waya, drili, tupa ya nusu duara, msasa, waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba kwa geji na wa milimita 2.5 ya mraba kwa ethi, fyuzi ya ampea 3 na nyumba yake, mipira ya kulinda waya unapopita kwenye chuma, na vichwa vya waya vya ukubwa unaofaa. Sikutaja tepu nyeusi kwa makusudi. Mtindo wa kusokota waya mbili na kuzivisha tepu umezoeleka gereji nyingi, lakini kwa joto letu gundi ya tepu huyeyuka, tepu inafunguka, na unyevu wa pwani unaingia kwenye shaba na kuigeuza kijani. Bana kwa kichwa cha waya, kisha uvishe mpira unaosinyaa kwa joto.

Mahali pa kuziweka

Usitoboe dashibodi ya asili. Dashibodi nzima ya Series III ni vigumu kuipata sasa, na tundu la milimita 52 halizibiki likasahaulika. Tengeneza bamba la kuning'inia chini ya dashibodi, na siku ukitaka kurudisha gari lilivyokuwa, utafungua bolti mbili tu.

Kata kwanza mfano wa bamba kwa boksi gumu. Kwa geji tatu, umbali kutoka katikati ya geji moja hadi katikati ya nyingine uwe milimita 65, na urefu wa bamba lote milimita 210 hivi. Kaa kwenye kiti cha dereva ukamwombe mtu akushikie boksi hilo mahali unapopataka. Endesha kwa mawazo: kanyaga klachi, ingiza gia zote, vuta breki ya mkono. Goti lisiguse bamba, na macho yasishuke mbali na barabara zaidi ya kukonyeza. Mimi niliona mahali panapofaa ni kushoto kwa usukani, karibu na katikati ya gari, bamba likiwa limeinama kidogo kumwelekea dereva ili kioo cha geji kisiakisi jua la mchana.

Ukiridhika, hamishia mchoro kwenye bati la alumini lenye unene wa milimita 2. Ukiwa na drili yenye msumeno wa duara wa milimita 52, kazi ni ya dakika kumi. Usipokuwa nao, toboa vitundu vidogo vingi kufuata mstari wa duara kwa ndani, katakata vilivyobaki katikati yake, kisha umalizie kwa tupa. Mafundi bati wa Ngamiani wanaweza kukufanyia kazi hii vizuri, mradi uwaachie geji yenyewe wapimie, usiwaachie namba peke yake. Piga bamba msasa na rangi nyeusi isiyong'aa.

Kabla ya kukaza geji, zizungushe kwenye matundu yake ili mishale yote mitatu isimame wima hali inapokuwa ya kawaida. Madereva wa mashindano wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi: jicho halisomi namba, linaona tu kwamba mshale mmoja umelala wakati wenzake wamesimama. Maandishi yatakaa upande, nawe utazoea kwa siku mbili. Hatua hii itangoja mpaka uzijue namba za kawaida za gari lako, kwa hiyo kwa sasa kaza nusu.

Umeme na ethi

Hapa ndipo geji nyingi zinapoharibikiwa, nami nitakaa hapa kwa muda.

Geji zinatakiwa kupata umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Katika magari ya Uingereza ya miaka hiyo, waya wa kijani ndio unaobeba umeme uliopita kwenye swichi ya ufunguo na kwenye fyuzi, mweupe umepita kwenye ufunguo lakini bado haujapita kwenye fyuzi, wa kahawia una moto wakati wote, na mweusi ni ethi. Rangi hizo zisikulevye. Huenda fundi wa zamani alitumia waya aliokuwa nao mkononi. Rudisha betri kwa muda, weka multimita kwenye volti, na uthibitishe kwamba waya uliouchagua una volti 12 ufunguo ukiwashwa na sifuri ukizimwa, kisha ufungue betri tena.

Nyuma ya mita za asili kuna kisanduku kidogo cha chuma kinachopunguza umeme hadi wastani wa volti 10 kwa ajili ya geji ya mafuta na ya joto. Usichukue umeme wa geji mpya kutoka upande unaotoka kwenye kisanduku hicho, maana umeme wake hukatika na kurudi mfululizo na geji yako ya volti itacheza ngoma. Chukua kabla ya kisanduku. Na kwa kuwa tumekitaja, geji ya mafuta na ya joto za asili zikisoma juu au chini zote mbili kwa wakati mmoja, mshuku huyo kabla ya kununua vihisi vipya.

Weka fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na mahali ulipochukua umeme. Balbu za kumulika geji huwa na wati 2.2 kila moja, tatu ni wati 6.6, nazo kwa volti 12 hula kama nusu ampea, na geji zenyewe hula kidogo kuliko hapo. Fyuzi ya ampea 3 inatosha, na shoti ikitokea itakatika kabla waya haujaanza kutoa moshi. Waya wa balbu uunganishe na wa taa za dashibodi, ambao kwa kawaida ni mwekundu wenye mstari mweupe, ili zimulike unapowasha taa ndogo.

Sasa ethi. Bodi ya Land Rover sehemu kubwa ni ya alumini na chasisi ni ya chuma. Madini hayo mawili yakigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa na kubaki unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme sawasawa. Ndiyo maana haifai kufunga ethi ya geji kwenye skrubu yoyote iliyo karibu.

Nililijua hili kwa gharama. Mara ya kwanza nilipofunga geji za umeme, ethi ya bamba niliikaza kwenye bolti iliyoshika dashibodi, na mchana kila kitu kilikwenda sawa. Jioni moja nikirudi kutoka Muheza, nilipofika karibu na Pongwe nikawasha taa kubwa, na mshale wa joto la maji ukahama hapo hapo, nyuzi 10 nzima, kama mtu aliyeusukuma kwa kidole. Nikazima taa, ukarudi. Maji hayawezi kubadilika joto kwa sekunde moja, kwa hiyo kosa lilikuwa la umeme. Nyumbani niliweka ncha moja ya multimita kwenye pini ya ethi ya geji na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, taa zikiwa zimewaka na injini inanguruma. Ilisoma volti 0.8, ilhali ethi nzuri haitakiwi kuzidi volti 0.1. Umeme wa taa za dashibodi ulikuwa unang'ang'ania kupita kwenye bolti ile yenye kutu na kuisukuma geji njiani.

Tiba yake ni kupitisha waya wa ethi wa milimita 2.5 ya mraba kutoka kwenye bamba hadi pale waya mkuu wa betri ulipokazwa kwenye chasisi, pakiwa pamesuguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha pakapakwa grisi baada ya kukazwa ili hewa ya bahari isipate njia. Angalia pia ukanda unaounganisha injini na chasisi. Injini imekaa juu ya mipira, na vihisi vilivyofungwa kwenye injini vinategemea ukanda huo kama njia ya kurudi kwenye betri. Ukiwa umechakaa, geji zote za umeme zitasema uongo kwa pamoja.

Presha ya oili

Kwenye injini ya lita 2.25, swichi ya taa ya oili imefungwa kwenye nyumba ya filta. Usiitupe swichi hiyo. Tumia kiungo cha T cha shaba ili upande mmoja ushike swichi ya asili na mwingine ushike kihisi kipya. Taa humwonya dereva asiyeangalia geji, na siku geji ikiharibika bado utakuwa na mlinzi mmoja.

Tatizo liko kwenye meno. Meno ya Kiingereza ya moja ya nane ya inchi huwa 28 kwa kila inchi, na ya Kimarekani ya ukubwa huo huo ni 27. Vinafanana kiasi kwamba kimoja kitaingia ndani ya kingine kwa mizunguko miwili au mitatu, halafu kikaze. Usilazimishe. Ukilazimisha utaharibu meno ya nyumba ya filta, na oili itavuja pale milele. Chukua swichi ya zamani na kiungo kipya, vilaze meno kwa meno mbele ya mwanga, na kama hayalali sawasawa tafuta kiungo kingine.

Kihisi cha presha ni kizito na kirefu. Kikining'inia kwenye kiungo cha shaba juu ya injini inayotikisika, shaba itachoka na kuvunjika, na siku hiyo utamwaga oili yote kwa muda mfupi. Weka mpira mfupi wa kupitishia oili, wenye ganda la chuma lililosukwa, kutoka kwenye kiungo hadi kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva, na hapo ndipo ukifunge kihisi kwa kibano. Kwa kuwa hakitagusa tena injini, kipe waya wake wa ethi. Kama kihisi kimefungwa moja kwa moja kwenye injini, usikivishe tepu nyeupe ya mabomba kwenye meno yote, kwa sababu tepu hiyo inazuia umeme kurudi.

Kwa waliochagua aina ya mrija: tumia nailoni iliyotengenezwa kwa ajili ya oili, ipitishe mbali na manifoldi ya ekzosi, na mahali inapopita ukutani weka mpira wa kulinda. Mrija wa shaba uzungushe mizunguko miwili kama springi karibu na injini, kwani shaba iliyonyooka hukakamaa kwa mtikisiko na kupasuka.

Joto la maji

Acha kihisi cha asili mahali pake. Kihisi kipya kiweke kwenye kiungo cha alumini kinachofungwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta. Pima kipenyo cha ndani cha mpira kabla ya kununua kiungo. Injini ikiwa baridi, punguza maji, kata mpira mahali palipo nyooka, ingiza kiungo na ukikaze kwa klipu mbili. Kiungo hicho kimezungukwa na mpira pande zote, hivyo hakina ethi kabisa. Bila waya wa ethi uliokazwa kwenye kiungo chenyewe, mshale hautasogea. Nimeona watu wakirudisha geji dukani kwa kosa hili tu.

Ukichagua geji ya joto isiyotumia umeme, ile yenye mrija mwembamba uliojazwa gesi au kimiminika, jua kwamba mrija huo haukatwi wala haupindwi kwa kona kali. Urefu unaozidi usokote kwa duara pana.

Kuna jambo linalohusu themostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ambalo siwezi kulinyamazia. Mafundi wengi wa ukanda huu huitoa themostati na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Injini isiyo na themostati hukawia kufikia joto lake la kazi, hula mafuta zaidi, na oili yake haifikii joto la kutosha kukausha unyevu. Gari kama hilo, geji mpya itasoma nyuzi 60 barabara ya tambarare na utadhani kihisi ni kibovu. Rudisha themostati ya kiwango kilichopendekezwa kwa injini yako, kisha ndipo usome geji. Ikiwa na tatizo la kuchemsha bila themostati, basi tatizo liko kwenye rejeta, pampu ya maji au gasketi, na kutoa themostati kulikuwa kunalificha.

Kuzijaribu kabla ya kuziamini

Kihisi cha joto kijaribu jikoni kabla ya kukifunga. Kining'inize ndani ya sufuria ya maji, sehemu ya waya ibaki juu, unganisha mwili wake na hasi ya betri na pini yake na geji, na weka kipimajoto pembeni bila kugusa sakafu ya sufuria. Pasha taratibu, ukiandika geji inasema nini kwenye nyuzi 60, 80 na maji yanapochemka. Hapa Tanga mjini, usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100. Ukifanya jaribio hilo Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, yatachemka kwa takriban nyuzi 95, na usipojua hilo utalaumu geji isiyo na hatia. Tofauti ya nyuzi 3 au 4 si kitu. Iandike tu kwenye daftari la gari.

Presha inajaribiwa kwa fundi pancha. Mwombe fundi wa kulehemu akuunganishie valvu ya chuma ya tairi la lori na kiungo kinachoingia kwenye kihisi, kisha ujaze upepo na ulinganishe na kipimo cha kompresa kwenye pauni 20, 40 na 60. Geji yako ikiwa imeandikwa kwa bari, kumbuka kwamba bari 1 ni pauni 14.5. Geji ya volti ilinganishe na multimita iliyowekwa kwenye betri yenyewe. Tofauti ikizidi volti 0.3, kuna mahali njiani ambapo kichwa cha waya ni kichafu au kimelegea.

Ukimaliza kufunga, washa injini huku mtu mwingine akiangalia viungo vya oili kwa tochi. Mshale wa presha unatakiwa kupanda ndani ya sekunde chache. Usipopanda, zima mara moja. Iache injini ipate moto, kaza tena klipu za mpira wa maji, na uongeze maji.

Kuijua lugha ya gari lako

Kwa wiki mbili za mwanzo andika namba. Gari langu, likiwa na oili ya 20W-50, asubuhi likiwa baridi huonyesha pauni 60. Likishapata moto kwenye barabara ya Muheza kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, husimama kwenye 45, na kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, hushuka hadi 18. Joto ni nyuzi 84, na volti 14.1. Mpando wa Lushoto hulifikisha nyuzi 95, na likifika Soni linaanza kushuka lenyewe. Namba zako zitakuwa nyingine, na hizo ndizo utakazozipima siku zote. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba injini moto iwe na angalau pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika.

Presha inayoshuka kidogo kidogo mwezi hadi mwezi ni uchakavu wa beringi au pampu. Inayoyumba kwenye kona na kurudi ni oili iliyopungua. Iliyoanguka ghafla ni ya kuzima injini hapo hapo, hata kama ni katikati ya mpando na nyuma kuna basi linapiga honi. Volti zikiwa 12.6 injini imezimwa, betri imejaa. Injini ikinguruma zinatakiwa kuwa kati ya 13.8 na 14.4. Zikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji, na zikipita 15 inaichemsha betri.

Joto lina hila moja inayoua injini nyingi. Kihisi hupima maji yanayokigusa. Mpira ukipasuka na maji yakatoka yote, kihisi kitabaki hewani, na mshale utashuka badala ya kupanda. Kwa hiyo, mshale ukipanda kuliko kawaida kisha ukaanguka ghafla ukiwa bado unapanda mlima, usishukuru. Simama na uzime. Wala usifungue kifuniko cha rejeta: kile chenye nguvu ya pauni 10 hupandisha kiwango cha maji kuchemka hadi nyuzi 115 hivi, na ukikifungua maji hayo yatageuka mvuke usoni mwako.

Baada ya kilomita 500 rudi kwenye bamba. Kaza geji zikiwa zimezungushwa kwa mishale wima, kagua kiungo cha T kama kina unyevu wa oili, na pima tena volti kati ya ethi ya geji na hasi ya betri taa zikiwa zimewaka. Kipimo hicho cha mwisho kirudie kila baada ya masika, kwa kuwa mvua na chumvi vya pwani yetu havichoki, na grisi kwenye bolti ya ethi haidumu zaidi ya mwaka.